Kikombe na Shamba: Chai ya Kericho katika Lugha na Fasihi

Katika fasihi ya Kiswahili chai hunywewa sana na kulimwa kidogo. Msomaji wa riwaya na tamthilia hukuta birika likitokota karibu katika kila nyumba aingiamo: posa huanza kwa chai, umbeya husindikizwa kwa chai, na mgeni asiyetakiwa huandaliwa kikombe kisicho na maziwa ili aelewe bila ya kuambiwa. Lakini swali la zao lenyewe, yaani nani amelichuma, katika ardhi ya nani na kwa ujira gani, ni nadra kuulizwa. Karafuu ilimpata msimulizi wake pale Adam Shafi alipoandika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), na bandari ikampata msimulizi yuyo huyo katika Kuli (1979). Chai, ambayo kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa mazao yanayoiingizia Kenya fedha nyingi za kigeni, ingali ikingoja. Ni vigumu kutaja riwaya ya Kiswahili yenye uzito ambayo kitovu chake ni shamba la chai. Hapana shaka pengo hilo lina sababu zake, na yeyote apitaye nyanda za Kericho na Bomet akiwa na jicho la uhakiki atazisoma baadhi yake katika mandhari yenyewe.

Msafiri atokaye Nakuru hupanda hadi Mau Summit, akaiacha barabara iendayo Eldoret, akashika ile ya kuelekea magharibi. Hewa hubadilika kabla ya macho kuona lolote. Baridi huingia garini, abiria hufunga madirisha, na wale waliovaa mashati ya mikono mifupi hujikunyata na kujuta. Kisha, baada ya vilima na misitu ya mikaratusi, chai hujitokeza pande zote mbili za barabara, na tangu hapo haimwachi msafiri ila kwa vipindi, hata akishika njia ya kusini kupitia Chemosit, Litein na Kapkatet hadi akaribiapo Bomet. Mvua huku hunyesha karibu kila alasiri katika sehemu kubwa ya mwaka. Unyevu wa Ziwa Viktoria hukutana na hewa ya msitu wa Mau, mawingu hujikusanya, na mara nyingi kinachoanguka si maji bali ni mawe ya barafu yanayoyatoboa majani machanga na kumtia mkulima hasara ya majuma kadhaa kwa robo saa.

Mandhari hayo yamezaa sitiari moja ambayo imetumika hadi ikachakaa: zulia la kijani. Sitiari hiyo imo katika vijitabu vya watalii, katika insha za wanafunzi wa shule za sekondari, na katika hotuba za wanasiasa. Kwa kuwa imezoeleka, haichunguzwi. Lakini ikichunguzwa husema mengi kuliko ilivyokusudiwa. Zulia ni kitu cha ndani ya nyumba. Lina mwenyewe, nalo hutandikwa ili lipendezeshe macho ya mwenyewe na ya wageni wake. Aliyelifuma hayumo katika picha. Aidha zulia hutazamwa kutoka juu, kwa jicho la mtu aliyesimama, au, kwa hakika zaidi, aliyeketi garini. Anayechuma haioni chai hivyo. Yeye amezama ndani yake hadi kiunoni, nguo zake zimelowa umande kuanzia saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, na mbele yake hakuna zulia bali maelfu ya vichipukizi ambavyo lazima kila kimoja kiamuliwe: hiki kimefika, hiki bado. Yamkini hakuna sitiari nyingine katika maandishi ya shuleni nchini Kenya iliyofanya kazi kubwa hivyo ya kuwaondoa watu machoni.

Tena si zulia kwa maana nyingine. Mchai ni mti. Ukiachwa, hurefuka kupita paa la nyumba. Unaoonekana kama kichaka cha kimo cha kiuno ni mti uliozuiwa kuwa mti: hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne, na kati ya mkato na mkato ncha zake huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, ili usipate nafasi ya kutoa maua na mbegu. Usawa ule unaosifiwa na wapiga picha ni alama ya mikono iliyopita pale mara nyingi. Shamba lililotelekezwa kwa miaka michache tu huota kwa vimo mbalimbali, na watalii hawasimamishi magari.

Historia ya zao hili hapa ni fupi kuliko uzito wake. Miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho ilifikiwa baadaye, na kwa njia ya mzunguko. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani eneo la ekari elfu 25 katika nchi ya Wakipsigis, ili waanzishe koloni la ushirika la kulima kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafilisika mapema katika miaka ya 1920, na ardhi, badala ya kurudi kwa waliokuwa wakichungia mifugo yao pale, ikapita mikononi mwa makampuni. Brooke Bond na James Finlay waliingia katika muongo huohuo. Hivyo chai ilirithi ardhi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa upya katika vitabu vya serikali. Mwaka 1934 serikali hiyo ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao walikuwa viongozi wa kiroho na wa upinzani, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa mbung'o na malaria. Wengi walikaa huko hadi karibu na uhuru, na wengine hawakurudi kamwe. Madai ya Watalai na Wakipsigis kuhusu ardhi hiyo yangali hai: mwaka 2021 wajumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu suala hilo, na mwaka 2022 madai dhidi ya Uingereza yalipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Inafaa kukumbuka hayo pale mtu anaposikia, kama isikikavyo mara kwa mara, kwamba Kericho ni nchi ya chai tangu hapo. Jina la mji wenyewe halina chai ndani yake. Baadhi ya wenyeji hulihusisha na neno la Kikalenjin kerichek, yaani dawa. Wengine husema linatokana na mtu, ama mganga wa Kikipsigis ama mkuu wa Kimaasai. Majina ya mahali kuelekea Bomet nayo hutunza kumbukumbu za aina nyingine kabisa. Chemosit, kwa mfano, ambayo kwa dereva wa matatu ni soko na mto tu, ni jina la zimwi la ngano za Wakalenjin, lile ambalo bibi huwatishia wajukuu wanaokataa kulala. Lori la majani chai hupita Chemosit kila siku, na hapana ajuaye kama zimwi hilo limehama au limeajiriwa.

Swali la lugha ndilo linalostahili kukaliwa zaidi. Wakipsigis wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa na ng'ombe na mtama wao, na wengi hawakuona sababu ya kwenda kuchuma majani ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Makampuni yaliwatafuta vibarua mbali: katika nchi ya Wagusii, ya Wajaluo, ya Waluhya. Watu hao walijengewa nyumba za safusafu ndani ya mashamba, na makazi hayo yakaitwa kambi, neno la kijeshi na la wapagazi, ambalo halijawahi kutafsiriwa kuwa kijiji japo vizazi vitatu vimezaliwa humo. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Haikuwa ile ya misikiti na tenzi, wala ile ya madarasani iliyosanifiwa na kamati ya kikoloni. Ilikuwa Kiswahili cha kazi, chenye msamiati wa mnyapara, kipande, karani, mizani, posho na faini. Wanaisimu wamezoea kukipima Kiswahili cha bara kwa umbali wake kutoka Mombasa na Unguja, wakahesabu viambishi vilivyopotea. Si kazi bure, lakini kipimo hicho huficha jambo moja. Lugha iliyomwezesha mama wa Kigusii kubishana na karani kuhusu kilo mbili zilizokatwa kwa sababu ya maji kwenye majani, tena akabishana mbele ya foleni ya Wajaluo na Wakipsigis walioelewa kila neno, haikuwa na upungufu wowote wa kisarufi uliomkwamisha.

Maneno yenyewe yana tarehe zake. Kipande kilikuwa cheti ambacho, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua katika kijaluba shingoni. Kikawa pia kiasi cha kazi ya siku. Methali ya pwani husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makambi ya chai mgeni alipewa kikapu siku ya kwanza, na hata baada ya miaka hamsini aliendelea kuitwa mgeni.

Hilo la mwisho si mzaha. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wenye asili ya jamii nyingine walivamiwa katika makambi hayo, wakapigwa, na baadhi yao wakauawa. Kiswahili kilekile kilichowaunganisha kwenye mizani hakikutosha kuwakinga. Lafudhi ilikuwa imebaki ndani yake, na lafudhi ni rahisi kusikika gizani. Waathiriwa walifungua madai mjini London dhidi ya Unilever, ambayo ilikuwa imeinunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao, na mwaka uliofuata mlango wa Mahakama Kuu Zaidi nao ukafungwa. Kwa mhakiki wa fasihi kesi hiyo ina mvuto wa aina yake, kwa kuwa ilihusu hasa suala la msimulizi: ni nani awezaye kusema kwamba alikuwapo. Kampuni ilijieleza kwa sauti ya aliye mbali. Walalamikaji walikuwa na sauti ya aliyekuwa ndani ya mihimili ya chai usiku ule, amejificha kati ya shina na shina.

Kutoka katika giza hilo hadi kwenye hoteli ya chakula mjini Litein au Kapkatet ni mwendo mfupi, na huenda msomaji akaona ni utovu wa adabu kuhamia mezani haraka hivyo. Lakini ndivyo siku inavyokwenda huko, na meza ina habari zake.

Chai inayoletwa ni ya maziwa. Kusema hivyo hakutoshi: maji na maziwa huchemshwa pamoja na majani, sukari ikatiwa humohumo, hadi kinywaji kikawa na rangi ya udongo wa matofali na unene wa uji mwepesi. Mpwani aliyezoea chai yenye iliki na mdalasini, inywewayo na mahamri ya nazi, huonja na kutafuta kilichokosekana. Hakuna kilichokosekana, viungo vya huku ni maziwa. Ile isiyo na maziwa, ambayo watu wa pwani na wa bara kwa pamoja huiita strungi, huagizwa kwa sauti ya chini kidogo, kama jambo la kuelezea. (Neno strungi, lililotokana na Waingereza kuitaja chai nzito, ni ushahidi mzuri wa jinsi Kiswahili kinavyolivunja neno geni na kulijenga upya hadi mwenyewe asilitambue.) Pamoja na chai huja kimyet, ugali wa wimbi au wa mahindi, na isagek, yaani mgagani, mboga chungu inayopikwa kwa maziwa ili uchungu upungue usiishe. Na ikiwa msafiri ana bahati, au ana mwenyeji, huletewa mursik.

Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, sotet, ambacho kwanza husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet. Kaa hilo huyapa maziwa madoa ya rangi ya majivu-buluu na ladha ya moshi, na kuyahifadhi kwa siku nyingi. Wakenya wengi wasiowahi kufika Kericho wanakijua kibuyu hicho kwa kuwa wamekiona katika televisheni, kikinyweshwa wanariadha waliorudi na medali uwanja wa ndege wa Nairobi. Katika koito, sherehe ya kupokelewa kwa posa, mursik ina mahali pake pasipojadiliwa. Chai imeingia katika sherehe hiyohiyo, lakini kwa mlango mwingine. Hunywewa na wote, wakati wote, nayo haibariki chochote. Katika miaka mia moja chai imeshinda ardhi, saa za kazi na bajeti ya nyumbani, lakini bado haijakishinda kibuyu. Labda ndiyo sababu haijapata ngano. Kinachosimuliwa ni kile ambacho jamii imekipa ibada. Chai ilipewa mizani.

Isidhaniwe kwamba jamii hii haikuwa na uwezo wa kukipokea kigeni na kukitia katika sanaa yake. Ushahidi wa kinyume cha hayo ulirekodiwa mumu humu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo ni la mwimbaji Mmarekani, Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa sahani za gramafoni, na ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu 1933. Wasichana hao walimfanya kiumbe: nusu mtu, nusu paa. Jina likapewa kiambishi cha Kikalenjin, sauti za Kiingereza zikalainishwa, na mtu wa Mississippi akaingia katika ukoo wa viumbe vya msituni, jirani ya Chemosit. Kilichowapendeza wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliousikia wimbo huo baadaye kilikuwa ni ugeni wake. Kinachopaswa kumpendeza mhakiki ni ufundi: sauti isiyo na mwili, itokayo katika sanduku, ilihitaji mwili, nao wakaupa mwili uliofaa. Nadharia nyingi za upokezi zimeandikwa kwa kurasa mamia kueleza jambo ambalo wasichana wa Kapkatet walilimaliza kwa dakika chache.

Kwa nini basi sahani ya gramafoni ilipata kiumbe, na kiwanda cha chai hakikupata? Jibu moja ni kwamba gramafoni ilikuja kama mgeni, ikaondoka, kiwanda hakikuondoka. Kitu kinachomfanya mtu aamke saa kumi na moja kila siku hakimwachii nafasi ya kukistaajabia. Jibu jingine, lenye nguvu zaidi, ni kwamba nyimbo za wachumaji zipo, ila zimebaki katika lugha zao na katika mistari ya michai, na idara za fasihi, zikiwemo zile zilizo mwendo wa saa chache kutoka hapo, zimependelea kupeleka wanafunzi kukusanya ngano kwa wazee chini ya mti. Mchumaji mwenye aproni ya plastiki na buti za mpira hafanani na picha ya mtunza fasihi simulizi. Anayejua nyimbo arobaini za kumcheka mnyapara haulizwi. Anaulizwa babu yake, ambaye amesahau.

Muda wa kumwuliza si mrefu. Mashine za kuchuma zimekuwa zikiingia katika mashamba makubwa tangu miaka ya 2000, na kila moja huendeshwa na watu wachache mahali palipohitaji kundi kubwa. Mnamo Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma moto mashine kadhaa katika shamba lililokuwa la Brooke Bond, na polisi wakapambana nao. Baadhi ya magazeti yaliandika kuhusu watu wasiopenda maendeleo. Hapa pia lugha ilifanya kazi yake ya kufuta, kama zulia lilivyofanya. Aliyechoma hakuwa akibishana na chuma. Alikuwa akibishana na hesabu ambayo, baada ya kuwaondoa babu zake katika ardhi na kumpa mamaye kikapu, sasa ilikuwa ikikichukua kikapu. Miezi michache kabla ya hapo, Februari 2023, BBC ilikuwa imeonyesha filamu ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya Kericho walieleza jinsi wasimamizi walivyowadai miili yao ili wapate au wasipoteze kazi. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikililiwa ilikuwa pia kazi iliyolaaniwa, na mara nyingine na mtu yuleyule. Hali hiyo ya kukilinda kile kinachokuumiza ni mali ghafi ya riwaya, na ni mali ambayo hakuna takwimu iwezayo kuibeba. Wakati huohuo wamiliki walikuwa wakibadilishana mashamba kwa utulivu: Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, kisha, katika miaka ya 2023 na 2024, mashamba ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yakaelekea katika kampuni moja ya Sri Lanka. Mabango ya barabarani hubadilishwa. Kambi hubaki na majina yake.

Nje ya mashamba makubwa mambo ni tofauti, na ni makosa kuichora Kericho yote kana kwamba ni kambi. Tangu mamlaka ya kuendeleza wakulima wadogo ilipoundwa mwaka 1964, maelfu ya familia za Wakipsigis wamepanda chai katika vishamba vyao, nusu ekari hapa, ekari mbili pale, pembeni ya mahindi na ng'ombe. Hao hawana mnyapara. Wana kituo cha majani chai, lori linalochelewa, na bonasi. Neno bonasi limekuwa nguzo ya kalenda: karo italipwa bonasi ikitoka, mabati yatanunuliwa, hata ugomvi wa mashemeji huahirishwa hadi bonasi. Bonasi yenyewe hutangazwa kwa kila kiwanda peke yake, na kwa miaka mingi viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vimelipa kidogo kuliko vile vya mashariki. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana kwa sababu hiyo. Maelezo yanayotolewa ni ya ubora, ya bei za mnadani, ya gharama. Mkulima, ambaye amepeleka majani mawili na kichipukizi kama alivyofundishwa, hujiuliza ni wapi kati ya kituo na Mombasa ambapo majani yake yamekuwa duni.

Swali hilo huirudisha hoja kwenye neno chai kwa maana yake ya pili, ile ambayo haimo katika vikombe. Katika Kiswahili cha Kenya chai ni pia kile anachokitaka askari wa barabarani au karani wa ofisi kabla ya kutimiza wajibu wake. Tafsida hiyo ni hodari kwa kuwa imeazima adabu ya ukarimu: asiyetoa si mtu mwadilifu, bali ni bahili anayemnyima mgeni kikombe. Eric Wainaina, katika wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo wa mwaka 2001, aliigeuza tafsida hiyo kwa kumwelekeza aombaye chai aende Limuru. Kejeli hiyo huchekesha kwa sababu hufanya lile ambalo fasihi ya Kiswahili imelisahau, yaani hulirudisha neno shambani. Inastaajabisha kwamba safari hiyo ya kurudi ilifanywa na mwanamuziki kwa mstari mmoja.

Chai ya nyanda hizi, ikiisha kunyaushwa, kukatwakatwa, kuchachuliwa na kukaushwa, kilo nne na ushei za majani mabichi zikawa kilo moja ya chembe nyeusi, hupakiwa katika mifuko ya karatasi na kuteremshwa hadi Mombasa, ambako mnada umekuwapo tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Orodha ya mnada huo ni maandishi ambayo hayajasomwa na mhakiki yeyote. Humo hamna mtu wala kambi, wala mvua ya mawe. Kuna daraja, uzito, bei kwa dola, na mwanzoni mwa kila mstari jina la kiwanda: Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Kapset, Litein, Momul. Wanunuzi wa Karachi na Cairo huyajua majina hayo vizuri, huyapanga kwa ladha na rangi, na huweza kubishana kuhusu Tirgaga ya mwezi uliopita. Yamkini ndiyo maneno pekee ya Kikipsigis wayajuayo, nao huyatamka kila juma, kwa lafudhi zao, bila ya kujua kwamba yana maana.